UKURASA WA BWANA SHAMBA: Barua ya Kuomba Kazi, Iandike Mwenyewe



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya kukausha korosho. Tulisema kwamba korosho zilizokaushwa vizuri hulia zikitikiswa mkononi. Mwezi huu naomba tuweke korosho kando kidogo. Tuzungumze juu ya karatasi.

Baadhi yenu mtauliza, "Bwana Shamba na barua za kazi, wapi na wapi?" Ni swali zuri. Nitawaeleza jambo lililotokea katika kijiji kimoja ninachohudumia. Kisha ninyi wenyewe mtaona kwa nini nimeshika kalamu.

BARUA 31

Mwezi wa Septemba chama chetu cha msingi cha ushirika kilibandika tangazo. Kilitaka makarani wa mizani 2 kwa ajili ya msimu wa korosho. Sifa zilizotakiwa zilikuwa chache. Mwombaji awe mkazi wa hapa. Ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Awe na wadhamini 2. Aandike barua ya maombi kwa mkono.

Kazi ya karani wa mizani si kazi ndogo. Mkulima huleta gunia lake. Karani hulipima, huandika jina la mkulima, huandika kilo, huandika daraja, kisha humpa mkulima stakabadhi. Korosho zikishauzwa mnadani, mkulima hulipwa kwa kufuata maandishi hayo. Karani akiandika 26 mahali pa 62, jasho la mwaka mzima limepotea. Kwa hiyo chama kilikuwa na haki ya kuchagua kwa uangalifu.

Barua zilizoletwa zilikuwa 31. Bodi ya chama iliniomba nikae nao siku ya kuzisoma. Tulianza saa tisa alasiri. Mwenyekiti alikuwa anafungua bahasha, Katibu anasoma kwa sauti, sisi tunasikiliza.

Tulipofika barua ya sita, Mwenyekiti alisema, "Ngoja kwanza, Katibu. Hiyo si tumeisoma sasa hivi?"

Katibu akaangalia jina. Lilikuwa jina jingine. Lakini maneno yalikuwa yale yale, na mwandiko ulikuwa ule ule. Tuliendelea kusoma. Tulipomaliza tulihesabu barua 11 za namna hiyo. Zote zilisema hivi: "Kwa heshima na taadhima, mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwadilifu, na ninaweza kufanya kazi katika mazingira magumu."

Mwenyekiti alicheka. Akasema, "Huyu ni mtu mmoja mwenye majina kumi na moja."

Tulijua mara moja habari yake. Pale senta kuna kijana anayeandikia watu barua kwa shilingi 2,000. Anao mwandiko mzuri. Lakini yeye hamjui mteja wake. Anaandika barua moja tu, halafu anabadilisha jina.

Bodi iliziweka kando barua zote 11. Tangazo lilisema mwombaji aandike kwa mkono. Maana yake ni mkono wake yeye, si mkono wa mtu mwingine. Kazi yenyewe ni ya kuandika. Utamwajiri vipi karani ambaye hujapata kuona mwandiko wake?

MAMA ALIYEKOSA

Kati ya barua hizo 11 ilikuwamo ya mama mmoja ninayemfahamu. Sitataja jina lake. Yeye ameniruhusu nieleze habari hii ili wengine wafaidike.

Mama huyu hakumaliza shule ya msingi. Alitolewa shuleni akiwa darasa la tatu. Alipokuwa mtu mzima alijiunga na darasa la kisomo la kijiji, akasoma kwa miaka 2. Leo ana miaka 3 akitunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi kina wanachama 24. Kila Alhamisi anaandika nani ameweka kiasi gani, nani amekopa, nani amerudisha. Mwisho wa mwaka fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote. Hesabu yake haijapata kupotea hata shilingi moja.

Kwa maoni yangu, huyo ndiye karani chama kilichokuwa kinamtafuta. Lakini barua yake haikusema neno hata moja juu ya daftari hilo. Ilisema tu kwamba yeye ni mchapakazi.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilijua. Nilinyamaza.

Kesho yake asubuhi alinikuta kwenye shamba la mfano. Alinisalimu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Bwana Shamba, jana wewe ulikuwemo ndani. Mbona hukunisemea?"

Swali hilo lilinichoma. Nilimjibu, "Mama, kila mwombaji alipimwa kwa barua yake. Kama ningekusemea wewe, yule asiye na mtu wa kumsemea angedhulumiwa. Lakini niambie. Wewe unaandika daftari la watu 24. Kwa nini ulimpa kijana fedha akuandikie?"

Alisema, "Daftari nalijua. Lakini karatasi ya ofisini inanitia hofu. Nilifikiri ina maneno yake maalumu ambayo sisi wa kisomo hatujafundishwa."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipoamua kuandika ukurasa huu. Nilijua kwamba mama huyo hayuko peke yake.

BARUA HAINA UCHAWI

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka iliyofuata watu wengi walijifunza kusoma chini ya miembe na ndani ya maghala. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akituambia sisi watoto wake, "Mtu asiyejua kuandika humpa mwenzake siri zake azibebe." Nilipomaliza chuo cha kilimo na kutaka kazi, sikumtafuta mtu wa kuniandikia. Niliandika mwenyewe, nikafuta, nikaandika tena.

Barua ya kuomba kazi haina maneno ya ajabu. Inajibu maswali 4 tu:

1. Unaomba kazi gani?
2. Umefanya nini kinachoonyesha kwamba unaiweza?
3. Nani anaweza kuthibitisha?
4. Unapatikana wapi?

Ukijibu maswali hayo kwa Kiswahili chako cha kawaida, kwa adabu, barua yako imekamilika. Ukurasa mmoja unatosha.

KWANZA, SOMA TANGAZO

Soma tangazo mara mbili kabla ya kushika kalamu. Nakili katika daftari lako mambo haya: jina la kazi, sifa zinazotakiwa, jina la cheo cha mtu wa kuandikiwa, vitu vya kuambatisha, na siku ya mwisho ya kupokea barua.

Kati ya zile barua 31, mbili zililetwa baada ya siku ya mwisho. Hazikufunguliwa. Barua 3 hazikutaja kazi inayoombwa. Ziliomba "kazi yoyote". Chama hakikuwa na kazi inayoitwa "kazi yoyote".

PILI, TAFUTA USHAHIDI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba yeye ni mwaminifu. Hata mwizi anaweza kuandika hivyo, na karatasi haitakataa. Kwa hiyo usijisifu kwa sifa. Eleza kazi uliyoifanya, na idadi yake, na muda wake. Msomaji ataiona sifa mwenyewe.

Angalieni mifano hii:

Usiandike: "Mimi ni mwaminifu."
Andika: "Kwa miaka 3 nimetunza fedha na daftari la kikundi cha wanachama 24."

Usiandike: "Mimi ni mchapakazi."
Andika: "Ninalima ekari 2 za korosho. Mwaka jana nilipeleka chamani kilo 412."

Usiandike: "Nina uzoefu wa ulinzi."
Andika: "Nililinda ghala la shule usiku kwa miezi 8."

Usiandike: "Ninapenda usafi."
Andika: "Nimepika na kusafisha vyombo katika mgahawa wa stendi kwa mwaka 1."

Wengine husema, "Lakini mimi sijapata kuajiriwa. Nitaandika nini?" Ndugu yangu, kazi si ile ya mshahara peke yake. Umekuwa mweka hazina wa kwaya au wa madrasa? Andika. Umesimamia foleni ya maji kisimani? Andika. Umefuga kuku 30 na kuwachanja kwa wakati? Andika. Umemsaidia mjomba kuuza duka wakati wa likizo? Andika. Kijana anayetafuta kazi ya kwanza anayo mambo mengi aliyoyafanya. Ila hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo ni uzoefu.

TATU, ACHA HURUMA NYUMBANI

Mwezi wa Oktoba chama kilitangaza nafasi nyingine, ya msaidizi wa ghala. Yule mama alikuja kwangu na daftari. Alisema, "Safari hii nitaandika mwenyewe. Wewe nionyeshe njia tu."

Barua yake ya kwanza ilijaza kurasa 2. Alieleza kifo cha mume wake. Alieleza karo ya watoto. Alieleza bati la jiko lililochukuliwa na upepo. Mambo yote yalikuwa ya kweli, na yalinihuzunisha.

Nilimwambia, "Mama, haya tuyatoe."

Alikasirika. Akasema, "Haya ndiyo yanayonifanya niitafute kazi. Nikiyatoa, nimebaki na nini?"

Nilimjibu, "Hiyo ni sababu yako wewe ya kuitaka kazi. Chama nacho kinatafuta sababu yake ya kukuchukua. Katika kijiji hiki wajane ni wengi na shida ni nyingi. Bodi haiwezi kupima shida ya nani ni kubwa zaidi. Lakini mtu anayejua kutunza daftari inaweza kumpima."

Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akakata mistari ile mmoja mmoja, mwenyewe. Nami nawaambieni kwamba haikuwa kazi rahisi kwake.

Baada ya hapo aliuliza swali jingine: "Na hili la kutomaliza shule, tulifiche?"

Nilisema hapana. Tangazo halikudai cheti. Lilidai kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kusema kweli hakutamharibia. Uongo ndio ungemharibia. Wale makarani wa Septemba walipoitwa kwenye usaili, kijana mmoja alikuwa ameandika kwamba amewahi kuwa karani wa duka kubwa. Katibu alimpa karatasi, akamwambia: "Mizani inaonyesha kilo 63. Gunia tupu lina kilo 1. Andika kilo za korosho na utie sahihi." Yule kijana alitoka jasho. Mwisho alikiri kwamba hajapata kufanya kazi hiyo. Mtu anayeongeza uzito katika barua yake, bodi itamwamini vipi na mizani ya wakulima?

BARUA YENYEWE

Mama yule aliandika mara 4 katika daftari. Mara ya 5 aliandika kwenye karatasi safi yenye mistari. Hii hapa barua yake. Majina tumeyaacha wazi. Nawe unaweza kuifuata kwa mfano, lakini usiinakili. Weka mambo yako.

Kijiji cha ................,
S.L.P. ................,
Tarehe 14 Oktoba, 20....

Katibu,
Chama cha Msingi cha Ushirika ................,
S.L.P. ................

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KAZI YA MSAIDIZI WA GHALA

Ninaomba kazi iliyotajwa hapo juu. Niliona tangazo lenu la tarehe 6 Oktoba kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Mimi ni mkazi wa kijiji hiki na nina umri wa miaka 38. Sikumaliza shule ya msingi, lakini nilisoma darasa la kisomo la kijiji kwa miaka 2. Kwa miaka 3 sasa ninatunza daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa chenye wanachama 24. Kila wiki ninaandika fedha zinazoingia na zinazotoka. Kila mwisho wa mwaka hesabu husomwa mbele ya wanachama wote, na haijapata kupungua.

Pia mimi ni mkulima wa korosho. Ninajua kuzikausha na kuzichambua. Mwaka jana nilipeleka chamani kilo 412.

Wadhamini wangu ni Mwenyekiti wa kikundi chetu na mwalimu wa darasa la kisomo. Majina na namba zao za simu nimeziandika nyuma ya barua hii. Nimeambatisha nakala ya Kitambulisho changu cha Taifa.

Niko tayari kuitwa kwenye usaili siku yoyote. Simu yangu ni ................. Kama sipatikani, tafadhali ujumbe uachwe kwa Mtendaji wa Kijiji.

Wako mtiifu,

(sahihi)

(jina kamili)

Sasa tuitazame barua hiyo pamoja.

Juu upande wa kulia kuna anwani ya mwandishi na tarehe. Upande wa kushoto kuna cheo na anwani ya anayeandikiwa. "S.L.P." ni Sanduku la Posta. Kama huna sanduku, tumia la shule, la msikiti, la kanisa au la ofisi ya kijiji, lakini omba ruhusa kwanza.

"Yah" ni kifupi cha "yahusu". Mstari huo unamwambia msomaji barua ni ya nini. Ofisi yenye barua nyingi huangalia mstari huo kwanza.

Aya ya kwanza inajibu swali la kwanza: kazi gani. Aya ya pili na ya tatu zinajibu swali la pili: umefanya nini. Aya ya nne inajibu swali la tatu: nani anathibitisha. Aya ya tano inajibu swali la nne: unapatikana wapi. Hakuna neno la ziada.

Angalieni pia kwamba hakuna "taadhima". Adabu imo katika "Ndugu Katibu", katika "ninaomba", na katika "tafadhali". Inatosha.

MAMBO MADOGO YANAYOHARIBU

Jina lako liwe lile lile lililo katika kitambulisho na katika cheti, kama una cheti. Ukiitwa jina moja nyumbani na jingine kwenye cheti, tumia la kwenye cheti.

Ambatisha nakala, si cheti chenyewe. Cheti halisi kikipotea katika bahasha, kukipata kingine ni taabu kubwa. Cheti halisi utakionyesha siku ya usaili.

Waombe wadhamini ruhusa kabla ya kuandika majina yao. Mdhamini mmoja wa Septemba alipopigiwa simu alisema, "Mimi simkumbuki huyo." Mwombaji aliishia hapo.

Usisahau kutia sahihi. Barua 4 kati ya 31 hazikuwa na sahihi.

Mpe mtu mwingine aisome kabla ya kuipeleka. Mtu huyo asikuandikie. Akuonyeshe kosa tu, nawe ulisahihishe kwa mkono wako. Kuomba msaada si aibu. Kujifunza ndiko huko.

Baki na nakala yako. Ukiitwa kwenye usaili utaulizwa yale uliyoyaandika.

KAZI ZA SERIKALI

Vijana wengi huniuliza juu ya kazi za serikali. Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hupelekwa kwa njia ya intaneti, katika mtandao wao wa ajira. Hata huko barua iliyotiwa sahihi hutakiwa pamoja na vyeti. Kwa hiyo kujua kuandika barua bado ni lazima. Mtu wa duka la intaneti anaweza kukusaidia kubonyeza. Lakini maneno ya barua yawe yako, na neno la siri la kufungulia usimwachie.

KAZI HAINUNULIWI

Nimalizie kwa onyo. Barua moja ya Septemba ilikuwa na noti ya shilingi 10,000 ndani ya bahasha. Mwenyekiti aliiinua juu tukaiona wote. Noti ilirudishwa kwa mwenyewe mbele ya mashahidi, na ombi lake likaishia hapo. Kutoa hongo ni kosa la jinai, sawa na kupokea. Anayekudai hongo ili akupe kazi, mtaarifu TAKUKURU. Namba yao ya simu ya bure ni 113.

Vile vile wako matapeli wanaotuma ujumbe wa simu: "Hongera, umepata kazi, tuma fedha ya fomu." Usitume. Kazi ya kweli hukulipa wewe.

MWISHO WA HABARI

Mtauliza, yule mama amefikia wapi? Aliipeleka barua yake mwenyewe tarehe 15 Oktoba, siku 2 kabla ya mwisho. Mimi niliiambia bodi kwamba safari hii nisikae nao, kwa sababu nimemwelekeza mwombaji mmoja. Walikubali.

Ninapoandika ukurasa huu ameitwa kwenye usaili pamoja na wengine 4. Siku yenyewe ni wiki ijayo. Nilimkuta njiani akitoka kwenye kikundi na daftari lake kwapani. Nilimuuliza kama ana hofu. Alisema, "Hofu ninayo, Bwana Shamba. Lakini nitakaloulizwa ni langu. Nililiandika mimi."

Kwa maneno hayo nawaaga. Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kupogolea mikorosho baada ya mavuno.

Kazi njema.
Bwana Shamba wenu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini bodi iliweka kando barua 11?
2. Je, Bwana Shamba alifanya vema kunyamaza siku ile? Toeni sababu.
3. Kwa nini mama alitakiwa kuondoa habari za shida zake? Mnakubali?
4. Kila mmoja ataje kazi moja aliyoifanya bila mshahara. Ilimfundisha nini?

ZOEZI

Kijiji kinataka mlinzi wa zahanati. Andika barua ya kuomba kazi hiyo. Usitumie maneno "mwaminifu" na "mchapakazi". Tumia mambo uliyoyafanya kweli. Mpe jirani yako aisome, naye akuambie kama maswali 4 yamejibiwa.

MANENO MAPYA

Kuambatisha: kuweka karatasi nyingine pamoja na barua.
Mdhamini: mtu anayekufahamu na anayekubali kuthibitisha tabia na kazi yako.
Nakala: karatasi iliyotolewa kwa kufuata ile ya asili.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba mali au fedha imepokelewa.
Usaili: maswali anayoulizwa mwombaji uso kwa uso kabla ya kupewa kazi.